CBR imeshuka, mbona riba ya mkopo wangu haijashuka?

Juzi nilikuwa Kisenyi, Kampala, kwa mama mmoja mwenye kinu cha mahindi, vumbi la unga limemjaa mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Mwanangu, redio inasema benki kuu imeshusha riba, mbona mimi bado nadaiwa riba ya asilimia 19?" Kazi yangu ni kuchambua mikopo na swali hili naulizwa sana, kwa hiyo acha nilijibu vizuri.

Kinachotangazwa redioni ni CBR (Central Bank Rate), kiwango ambacho Benki Kuu ya Uganda inakitumia tangu Julai 2011 kuongoza bei ya pesa ambazo mabenki yanakopeshana kwa siku chache. Si riba yako. Ila ikipanda utaisikia haraka sana: Oktoba 2011 mfumuko wa bei ulifika asilimia 30, Novemba CBR ikawa 23, mikopo nayo ikaenda mpaka kama 27. Sasa kopa milioni 40 ununue kinu cha pili, kwa 27 riba ya mwaka peke yake ni milioni 10 na laki 8, kinu gani kitalipa hizo na umeme bado unakungoja? Watu wakaacha kununua mashine, uchumi ukapoa. Mimi bado nasema Benki Kuu ilifanya sawa, maana bei ikipanda kila wiki hakuna anayeweza kupiga hesabu ya miaka mitatu.

Kushuka ndo kazi. Juni 2021 CBR ilifika 6.5, chini kuliko wakati wowote tangu ianze, lakini mikopo ya shilingi ikabaki inazunguka 18, 19. Serikali nayo inakopa jamani, bondi yake ya miaka 10, yaani mkopo ambao benki inaipa serikali, imewahi kulipa kama asilimia 16 na benki inalala usingizi bila wasiwasi wa kutolipwa, halafu unakuja wewe na kibanja kisicho na hati, mauzo yako yako kwenye daftari, wateja wako ni mashule yanayolipa mwisho wa muhula, lazima wakuongezee juu ya hiyo 16. Kwangu mimi hapo ndo pamekaba, kuliko hata CBR yenyewe.

Mimi na yule mama tulikaa kwenye magunia tukahesabu. Milioni 40 kwa 19, riba ya mwaka milioni 7 na laki 6. Ingekuwa 14, milioni 5 na laki 6. Hizo milioni 2 katikati ndo zingemlipa kijana wa kinu cha pili. Mama akafunga daftari, akamtuma mtu akanunue mkanda na chekeche kwa ajili ya kinu cha zamani.