Kuishi kwa Kujitegemea: Maana Yake kwa Mtu Mwenye Ulemavu Mombasa

Kuishi kwa kujitegemea, kwa mtu mwenye ulemavu, ni kuwa na kauli juu ya maisha yako mwenyewe: unakaa wapi, unakaa na nani, unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, na nani anakusaidia kuoga. Hilo la mwisho nimeliweka makusudi. Wengi wakisikia "kujitegemea" humfikiria mtu anayejifanyia kila kitu kwa mikono yake, na kwa hesabu hiyo asiyeweza kuvaa shati peke yake ndiyo basi tena. Dhana yenyewe haisemi hivyo. Anayevishwa shati na msaidizi aliyemchagua mwenyewe, kisha akatoka kwenda kazini, anajitegemea kuliko mwenye nguvu zake aliyewekwa chumba cha nyuma na jamaa wakamwamulia kila jambo.

Waliolisimamisha wazo hili ni watu wenye ulemavu wenyewe. Mmarekani Ed Roberts alipooza kwa polio akiwa kijana, na usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka 1962 aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kufikia 1972 yeye na wenzake walikuwa wamefungua mjini humo kituo cha kuwasaidia watu kuishi kwa kujitegemea, kikiongozwa na wenye ulemavu. Miaka mingi baadaye wazo hilo liliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinasema mtu ana haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye sawa na watu wengine, wala asilazimishwe kuishi kwa mpango asioutaka. Katiba yetu ya 2010 nayo inataja, katika Kifungu cha 43, haki ya kila mtu kupata makazi yanayofikika na yanayotosheleza.

Sasa tuingie Majengo au Kisauni, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupangisha. Nyumba yenyewe ni ya chini, haina ngazi za kupanda, na kwa anayetumia kiti cha magurudumu hiyo ni afadhali kubwa kuliko ghorofa ya nne isiyo na lifti. Barazani kuna kipandio kimoja au viwili. Vijana wa mtaani watamnyanyua na kiti chake, wala si kwa ubaya. Anaingia ukumbini, vyumba viko kulia na kushoto, chumba chake kinamtosha. Tatizo liko uani. Choo cha pamoja kina mlango mwembamba ambao kiti hakipiti, sakafu yake imeinuliwa kwa kipandio kimoja, ndani ni choo cha kuchuchumaa, na ukutani hakuna hata chuma cha kushika. Basi mpangaji huyu anajifunza kutokunywa maji mchana. Anavumilia mpaka giza liingie, wapangaji wenzake wapungue uani, ndipo ajiburure sakafuni kwa mikono. Mombasa hii yenye joto lake, mtu anajinyima maji kwa sababu ya kipandio cha sentimita 15.

Ndiyo maana kwangu mimi, anayetaka kujua kama nyumba inamfaa mtu mwenye ulemavu wa miguu aanze kukagua chooni, si sebuleni. Na dawa yake si kubomoa nyumba. Fundi wa mtaani anaweza kupanua mlango hadi sentimita 80 au 90, akafunga bomba la chuma ukutani, akaweka choo cha kukalia, akamwaga mteremko wa saruji. Kipimo kinachokubalika cha mteremko ni 1 kwa 12, yaani kipandio cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa urefu wa mita 1.8. Ukifupishwa zaidi ya hapo, kiti kinarudi nyuma na kumwangusha mtu.

Kwa wengine kizuizi ni maneno. Asiyeona akienda kuuliza chumba huambiwa kimeshachukuliwa, kumbe mwenye nyumba anahofia jiko la mafuta. Kiziwi huambiwa aje na mtu wa kumsemea, ilhali angeweza kuandikiana na mwenye nyumba kwenye simu wakamalizana. Linaloniuma ni kwamba aghalabu ni watu wale wale ambao Ijumaa wanatoa sadaka kwa walemavu nje ya msikiti. Mkono unaotoa shilingi hamsini uwe tayari pia kupokea kodi ya mwezi kutoka kwa mtu huyo huyo.

Na kodi hulipwa na kazi. Nyumba na kazi huulizwa pamoja, kwa sababu moja likikwama la pili haliendi. Chukua fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu, amepata chumba cha bei nafuu Likoni na kazi kisiwani. Matatu hazitaki kupoteza muda kumpakia na kiti chake, na kondakta akikubali huenda akakitoza nauli kama abiria wa pili. Kivuko cha feri hakimtozi kitu anayevuka kwa miguu, lakini ule mteremko wa kushukia majini, hasa maji yakiwa yametoka, hawezi kuushuka bila mtu wa kukishika kiti kwa nyuma. Tuktuk ndizo zinazomfaa kwa kuwa ziko chini, ila tuktuk asubuhi na jioni zinakula mshahara. Kwa hiyo chumba cha bei nafuu kinamgharimu zaidi ya kile cha karibu na kazini.

Mombasa inao mfano wa siku nyingi wa kuweka kazi na makazi pamoja. Bombolulu, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa, kuna karakana zilizoanza mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK. Mafundi hutengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na vya mbao, na baadhi yao wamekuwa wakikaa humo humo kiwanjani na familia zao. Mahali pale pamewapa watu ujuzi na heshima wakati milango mingine imefungwa, na hilo nalisema bila kigugumizi. Hata hivyo, popote pale ambapo kazi na nyumba vimeshikwa na mkono mmoja, mtu akitaka kubadilisha kazi hujiuliza kwanza atalala wapi. Na kijana mwenye ulemavu anayetaka kuwa mhasibu bandarini au mpishi wa hoteli ya Nyali asielekezwe kwenye kazi ya kutunga shanga kwa sababu tu ni mlemavu.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo sheria huliita marekebisho yanayofaa: mwajiri hubadilisha kitu mahali pa kazi ili mfanyakazi aimudu kazi yake, mradi gharama isiwe mzigo usiobebeka. Mengi ni madogo. Kiwandani, taa inayowaka badala ya kengele humwambia kiziwi kwamba ni saa ya mapumziko. Dukani kwa wakala wa M-Pesa, kaunta hushushwa ifikie kiti. Ofisini, asiyeona huwekewa programu ya kusoma skrini kwa sauti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inataka pia waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi watenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi kwa watu wenye ulemavu. Na mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akaomba cheti cha msamaha kwa mamlaka ya kodi, KRA, hakatwi kodi ya mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Wengi wanaostahili hawajawahi kuomba.

Lililo gumu kuliko yote, kwa maoni yangu, liko nyumbani, kwa sababu limevikwa mapenzi. Binti anasema, "Mama, nataka nikapange chumba changu." Mama anajibu, "Mwanangu, na hali yako hiyo, nani atakutizama?" Mama hana nia mbaya, amembeba mtoto huyu mgongoni hospitali hadi hospitali. Lakini swali lake lina jibu, na jibu si lazima liwe "mimi mamako mpaka nife". Laweza kuwa binamu anayelipwa kitu kidogo kwa kuja asubuhi, jirani aliyeachiwa ufunguo, chumba mtaa wa pili kutoka nyumba ya familia, majaribio ya miezi mitatu kabla ya kuhamisha kabati. Mwenye ulemavu wa akili naye yumo humu: huenda akahitaji mtu wa kumsomea mkataba wa nyumba polepole, mara mbili au tatu, na kumsaidia kuhesabu kodi, kisha aulizwe yeye anakitaka chumba au hakitaki, na jibu lake lifuatwe.