Williams, Zimmer au Morricone? Yanayosemwa na mashabiki, na yaliyo kweli

Mashabiki wa watunzi wa muziki wa filamu hubishana kama mashabiki wa mpira. Huku wamo wa John Williams, kule wa Hans Zimmer, na pembeni wamekaa wa Ennio Morricone wakitikisa vichwa. Mimi niko na hao wa pembeni, bora mjue mapema. Lakini hoja nyingi zinazorushwa katika ubishi huu hazina miguu, na baadhi nimewahi kuzirusha mwenyewe.

"Zimmer hana melodi, ana vishindo tu"

Hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Anayeisema hajakaa na Interstellar (2014). Kabla ya kazi kuanza, mwongozaji Christopher Nolan alimpa Zimmer karatasi moja tu yenye kisa cha baba na mtoto wake, bila kumdokezea kuwa filamu itakuwa ya safari za anga. Zimmer akatunga kipande kifupi cha upole, na hicho ndicho kilichokuja kuwa moyo wa filamu nzima. Baadaye kikaongezewa kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisa la Temple Church, London. Kinanda cha namna hiyo hakitoi sauti mpaka hewa isukumwe ndani ya mabomba yake, kwa hiyo watu waliopotea mahali pasipo na hewa wanasindikizwa na ala inayopumua. Hicho nacho ni kishindo?

Kuna mahali Zimmer huinyima filamu melodi kwa kusudi. Katika The Dark Knight (2008), ambayo aliitunga pamoja na James Newton Howard, yule mhalifu Joker amejengewa noti moja. Upinde unakokotwa juu ya uzi wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, sauti inavutika na kukaza hadi meno yanakuuma. Sasa mgeukie Williams, anayeitwa mfalme wa melodi: papa wa Jaws (1975) kampa noti mbili. Alipompigia mwongozaji Steven Spielberg noti hizo kwenye piano kwa mara ya kwanza, Spielberg alicheka akidhani ni mzaha. Basi anayemdharau Zimmer kwa uchache wa noti amdharau na Williams, tuone kama ataweza.

"Mtunzi halisi huandika kila kitu peke yake"

Morricone alikuwa hivyo, aliamua mwenyewe kila ala ya okestra ipige nini na hakupenda kumwachia mtu. Lakini si kila bingwa ni Morricone. Star Wars (1977) ya Williams ilipitia mikono ya Herbert Spencer, aliyetandaza rasimu za Williams kwenye kurasa za okestra nzima. Rasimu zenyewe zilikuwa na maelezo mengi kiasi kwamba hakuna anayeuliza muziki ni wa nani. Kwa Zimmer mambo ni ya wazi zaidi, kwani yeye hufanya kazi na kundi. Pirates of the Caribbean ya 2003 imebeba jina la Klaus Badelt, melodi zake kuu zina mkono wa Zimmer, na watunzi wengine kadhaa waliitwa kusaidia kwa sababu siku zilikuwa chache. Ukishindanisha majina mawili hapo, hujui unamshindanisha nani.

"Melodi zikifanana, mtunzi kaiba"

Mara nyingi aulizwe mhariri wa filamu kwanza. Wakati filamu inakatwa, hubandikwa muziki wa muda, aghalabu wa filamu nyingine. Mwongozaji anausikia kila siku, unamwingia damuni, na mtunzi akifika anaambiwa: nataka kama huu. Afanyeje? Mtunzi Alex North alipatwa na baya zaidi. Aliitungia 2001: A Space Odyssey (1968) muziki, ukarekodiwa, kumbe mwongozaji Stanley Kubrick ameamua kubaki na muziki wa zamani aliokuwa akiutumia kama wa muda. North akaja kulijua hilo alipoitazama filamu.

"Wimbo wa mwanzo wa The Lion King ni Kiswahili"

Mwito unaoufungua ni wa Kizulu, na sauti ile ni ya mwimbaji wa Afrika Kusini, Lebo M. Chetu ni Hakuna Matata, ambayo nayo si ya Zimmer, ni ya Elton John na Tim Rice. Zimmer alipata Oscar kwa muziki unaopita chini ya matukio.

"Hesabuni Oscar, ubishi uishe"

Morricone alitunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400. Mwaka 2007 alipewa Oscar ya heshima, na ile ya kushindania aliipata 2016, akiwa na miaka 87. Psycho (1960), yenye muziki wa Bernard Herrmann na fidla zinazopiga mayowe hadi leo, haikuteuliwa hata kuwania tuzo ya muziki.

"Mtunzi huja mwishoni, kupamba kilichokwisha"

Kwa hiyo hiyo Psycho, mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yapite bila muziki. Herrmann akatunga hata hivyo, Hitchcock akasikia, akabadili msimamo. Kwa E.T. (1982), Williams alitatizika kuulinganisha mwisho na picha, Spielberg akamwambia aizime picha aongoze okestra anavyojisikia. Kisha filamu ndiyo ikakatwa upya ifuate muziki.

Na Once Upon a Time in the West (1968) ilianza na muziki. Morricone alitunga kabla ya kamera kuwashwa, na mwongozaji Sergio Leone akawa anaupiga pale pale waigizaji wakiigiza. Tazama mwanamke anaposhuka kwenye treni na kukuta hakuna aliyekuja kumpokea. Anaingia ofisi ya stesheni, kamera inamchungulia dirishani, halafu inapanda juu ya paa polepole pamoja na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso isiyotamka neno hata moja, mpaka mji mzima unafunguka mbele yake. Nilishasema naegemea wapi.