Nyuzi 24 ndani ya Trespass

Juzi mwanafunzi wangu wa gitaa aliniuliza kwa nini gitaa langu la nyuzi 12 linasikika kama linapigwa na watu wawili. Sikumjibu kwa maneno. Nilimwekea "Stagnation", wimbo unaofungua upande B wa Trespass, albamu ambayo Genesis, bendi ya roki ya Uingereza, waliitoa Oktoba 1970, nikamwambia afumbe macho kwa dakika mbili za mwanzo.

Nyuzi za gitaa hilo hukaa jozi sita. Katika jozi mbili nyembamba, nyuzi zote mbili hutuniwa sauti moja. Katika jozi nne zilizobaki, uzi mmoja huwa oktava moja juu ya mwenzake, yaani noti ile ile kwa sauti nyembamba zaidi. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga udi kwenye taarab anaijua hii habari ya nyuzi mbili mbili. Lakini hata ukituni kwa uangalifu wa namna gani, nyuzi za jozi moja hazipatani kabisa. Uzi mmoja utakuwa juu ya mwenzake kwa kiasi ambacho sikio halikitambui kama kosa, na hapo ndipo sauti inapoanza kumetameta. Sasa chukua magitaa mawili ya namna hiyo, wapiga gitaa wa Genesis, Anthony Phillips na moja, Mike Rutherford na jingine, wanadonoa uzi baada ya uzi, mmoja kodi (chords, noti zinazolia pamoja) za chini, mwingine zile zile akiwa amezishikia juu ya shingo ya gitaa. Nyuzi 24 zinalia pamoja, na huwezi tena kujua nani anapiga nini. Mimi nimeusikiliza wimbo huo miaka mingi nikiwa na gitaa mkononi, na kuna sehemu hadi leo siwezi kuwatenganisha.

Walikuwa vijana wadogo mno. Albamu iliporekodiwa katika studio za Trident, London, katikati ya mwaka 1970, mwimbaji Peter Gabriel na mpiga kinanda Tony Banks walikuwa na miaka 20, Rutherford 19, Phillips 18. Wote wanne walisoma Charterhouse, shule ya bweni huko Surrey. Mpiga dramu, John Mayhew, alitoka nje ya kundi hilo la marafiki na alikuwa amewazidi umri.

Tayari walikuwa na albamu moja, From Genesis to Revelation, iliyotoka mwaka 1969 wakati wengine hawajamaliza hata mambo ya shule. Ilikuwa ya nyimbo fupi fupi, na juu yake prodyuza aliongeza fidla na tarumbeta ambazo wenyewe hawakuzifurahia. Haikuuzika. Kuna maduka yaliyoiweka kwenye rafu ya nyimbo za dini kwa sababu ya jina lake.

Kilichofuata ndicho kilichowapa sauti yao. Kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi majira ya kuchipua ya 1970 walihamia kwenye nyumba ndogo ya mashambani karibu na Dorking, mali ya wazazi wa rafiki yao Richard Macphail. Macphail aliwapikia, akawabebea vyombo vya muziki, akawaendesha kwenye maonyesho. Wao kazi yao ilikuwa kupiga muziki kutwa, karibu bila kuonana na watu. Ukikaa hivyo miezi, wimbo unaacha kuwa ubeti na kiitikio. Kipande kinazaa kipande kingine, na hakuna anayekuambia dakika tatu zimekwisha.

"Stagnation" imejengwa hivyo. Ni karibu dakika 9, na haina kiitikio cha kurudia. Inamhusu tajiri aliyejizika chini kabisa ya ardhi akabaki yeye peke yake kati ya wanadamu. Magitaa yanaanza kwa kunong'ona, ogani ya Banks inaingia na kupanda taratibu, sauti ya Gabriel inavunjika na kuwa kilio, halafu mwishoni filimbi yake mwenyewe inabeba melodi ambayo ungedhani ulikuwa ukiisubiri tangu mwanzo. Ninawasisitizia wanafunzi: sikilizeni wanavyovumilia kabla ya kupaza sauti. Vijana wa umri huo hupenda kuonyesha kasi ya vidole. Hawa walikubali kupiga polepole.

Upande A unanigusa kidogo tu, isipokuwa pale mwanzo wa "Looking for Someone", sauti ya Gabriel inapoingia na ogani tu nyuma yake. "Visions of Angels" naona ni ya zama zao za nyuma.

Mwisho wa santuri unabadilika kabisa. "The Knife" ni mbio na ukali, ogani inagonga kama nyundo, na maneno yanasema jinsi mapinduzi ya damu yanavyozaa dikteta mpya. Paul Whitehead alikwisha kuchora jalada: watu wawili wa kifalme wanatazama milima kupitia dirishani, picha tulivu kama magitaa yale. Wimbo huu ulipoingia, bendi ikaona picha haitoshi. Whitehead akachukua kisu cha kweli akaichana turubai, kisha ikapigwa picha na kisu chenyewe. Ukishika jalada utaona mpasuko.

Phillips hakungoja albamu itoke. Jukwaa lilikuwa likimtia hofu, afya yake ikadhoofika, naye akaaga mwezi Julai, akiwa na miaka 18. Wenzake walifikiria kuvunja bendi. Mayhew naye akaondolewa, akaja Phil Collins kwenye dramu, na mwanzoni mwa 1971 Steve Hackett akashika gitaa. Wengi huanzia hapo kuwasikiliza Genesis, na ninaelewa, kwa sababu dramu za Trespass ni nzito kidogo na Collins aliwapa wepesi.

Ila weka "The Musical Box", wimbo unaofungua Nursery Cryme ya 1971. Magitaa yale ya mwanzo yalitokana na kipande ambacho Phillips na Rutherford walikitunga pamoja, wakakiita F# tu, kwa jina la noti. Mwanafunzi wangu alikitambua kabla sijamwambia.