Kuhuisha kitovu cha mji ni nini? Tuanze na Mwanza

Kuhuisha kitovu cha mji ni kurudisha biashara, makazi, ofisi, usafiri na mapumziko vikae pamoja katika eneo ambalo mtu analizunguka kwa miguu. Neno hili huchanganywa na mengine mawili. Urasimishaji ni kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, kama yale ya vilima vya Mwanza: nyumba hubaki, hati hutoka. Uendelezaji upya ni kuvunja majengo ya zamani na kujenga mengine, mara nyingi kwa kuunganisha viwanja. Kuhuisha kunaweza kuhitaji kuvunja hapa na pale, lakini hakupimwi kwa wingi wa ghorofa. Kunapimwa kwa watu: wangapi wanapita mtaa huu saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Mtaa unaofurika mchana na kufa usiku hauna anayelala humo.

Kitovu cha Mwanza kilizaliwa na usafiri. Wajerumani waliweka kituo chao mwaka 1892, reli ikafika 1928, na bandari, stesheni na soko vikawa mwendo mfupi. Mawe ya vilima upande mmoja na ziwa upande wa pili vimekibana, kwa hiyo hakina pa kutanukia. Wengi huliona hilo kama tatizo. Kwa kazi hii ni bahati, kwani mita 400 ni kama dakika tano za kutembea, na mji uliobanwa unatembeka.

Kazi huanza kwa kuhesabu. Mtu mmoja husimama kila kona na kuhesabu wapita njia kwa dakika 15 katika kila saa, siku ya kazi na mwisho wa wiki. Sambamba na hilo huandikwa kila fremu, yaani chumba cha biashara cha kupanga, chini na juu: ipi iko wazi, ipi ni ghala, ipi tupu. Ghorofa za juu ndizo hazina iliyosahaulika. Nyingi hujazwa maboksi kwa sababu ngazi yake inapitia ndani ya duka la chini, na hakuna mpangaji anayetaka kuomba njia kwa mwenye duka usiku. Ngazi yenye mlango wake barabarani hubadili hesabu yote. Tangu 2008 kuna sheria inayoruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake, hivyo nyumba ya juu inaweza hata kuuzwa peke yake. Kama hati ya kiwanja inasema biashara tu, kibali cha kubadili matumizi kitangulie mafundi.

Baada ya hapo ni maji, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mvua ikipiga juu ya mawe hainywewi na ardhi. Inashuka kwa kasi, inazoa mchanga na taka, kisha inajazana Mto Mirongo unaopita mjini. Ukitandaza vitofali vya njia kabla ya mitaro, mchanga wa chini yake utachotwa, navyo vitabonyea na kuachana. Mpangilio ni huu: mitaro, maji taka, mabomba na nyaya, ndipo vitofali. Chini ya kila mteremko liwekwe shimo la kunasa mchanga, lizolewe kabla ya vuli na kabla ya masika. Mifuniko iwe ya kuinuliwa na watu wawili bila mashine. Iliyo mizito zaidi haifunguliwi, na mtaro usiofunguliwa hauzibuliwi.

Njia ya miguu ibaki na mita 2 zilizo wazi, viti viwili vya magurudumu vipishane. Penye nafasi zaidi, machinga wapangwe upande wa barabara, si mbele ya milango ya maduka. Machinga hufuata miguu ya watu. Ukimhamishia pasipopita mtu, vibanda vitabaki na makufuli naye atarudi alikotoka, na hatakuwa na kosa. Stendi za mabasi ya mikoani ziko nje, Nyegezi na Nyamhongolo, kwa hiyo watu wengi huingizwa mjini na daladala. Kituo chake kikisogezwa mitaa miwili, biashara nayo husogea.

Panapolazimu kutwaa kiwanja, kanuni za fidia za 2001 zinatambua, pamoja na thamani ya ardhi na jengo, faida halisi ya mwezi ya biashara inayopotea, ikizidishwa mara 36. Tatizo ni ushahidi: hutakiwa hesabu zilizokaguliwa, na wapangaji wengi wa fremu hawana hata mkataba wa maandishi. Kilemba, yaani fedha walizolipa ili kupewa fremu, hakionekani popote. Mwenye fremu aanze sasa kutunza mkataba, leseni na hesabu za kila mwezi. Kufungua faili siku mthamini anapobisha hodi ni kuchelewa.

Ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazohatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Ukanda huo unafaa zaidi kuwa njia ya kutembea, yenye miti, taa na vyoo vinavyosafishwa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtaa wa kushukia huko: ukuta au uzio wa kiwanja unakata njia, na mtu aliye mita 150 kutoka ziwani anazunguka nusu kilomita kulifikia.