Nimemaliza sehemu zote 39 za Ultraman, lakini bado niko kwenye ya 23

Nilipomaliza Ultraman, tamthilia ya televisheni ya Japani, ile ya kwanza kabisa ya 1966, kila anayejua mambo haya aliniambia nihamie Ultraseven, mfululizo wa baada yake. Sijahamia. Nimerudi sehemu ya 23, nikaiangalia tena na tena, kama mtu aliyesahau mzigo ndani ya basi.

Kazi yangu ni kuhariri picha: tamthilia, matangazo, na harusi biashara ikiwa mbaya. Kwa hiyo nikikaa mbele ya kitu cha zamani siangalii tu hadithi. Naangalia mahali walipokata, mahali walipobania hela, na mahali ambapo mtu fulani usiku wa manane aliamua kwamba "hii inatosha, twende hewani". Ultraman imejaa maamuzi ya aina hiyo, na ndiyo maana nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Kwa asiyeifahamu: ilirushwa na kituo cha TBS cha Japani kila Jumapili jioni, kuanzia tarehe 17 Julai 1966 hadi tarehe 9 Aprili 1967. Waliotengeneza ni kampuni ya Eiji Tsuburaya, yuleyule bingwa wa picha za ujanja aliyeifanya Godzilla ya 1954 ikanyage Tokyo. Kijana anaitwa Hayata, askari wa Kikosi cha Sayansi. Ndege yake inagongana na jitu lililotoka anga za mbali, anakufa, na jitu lile kwa kuona aibu linampa uhai wake. Tangu hapo dubwana likitokea, Hayata ananyanyua kijiti chake, kinawaka, na jitu la mita 40 lenye rangi ya fedha na nyekundu linasimama katikati ya majengo. Wanapigana. Mwishoni jitu linapishanisha mikono, mwanga unatoka, dubwana kwisha habari yake.

Ukiishia hapo utasema ni ya watoto. Ni kweli, ni ya watoto. Sijidanganyi: zipo sehemu kama kumi hivi ambazo ukizikosa hujakosa kitu.

Tuanze na mavazi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapocheka na kuzima. Uso wa Ultraman katika sehemu 13 za mwanzo una makunyanzi kuzunguka mdomo, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Kinyago kilikuwa laini kwa sababu mwanzoni walidhani mdomo utacheza. Mdomo haukucheza, makunyanzi yakabaki. Kuanzia sehemu ya 14 wakaleta kinyago kigumu, na uso ukawa safi. Mimi nakipenda kile cha mwanzo. Kina kitu cha kutisha kidogo, kitu kisichokuwa cha dunia hii, ambacho sura safi ilikipoteza.

Mabwana wa mavazi hayo walikuwa Tohl Narita, aliyebuni maumbo, na Ryosaku Takayama, aliyeshona na kuchonga madubwana mengi. Narita alikuwa msanii wa kweli, na hakupenda ile taa ya kifuani ambayo leo dunia nzima inamtambulia Ultraman. Haikuwemo katika mchoro wake. Taa ikiwa ya bluu mambo shwari, ikianza kuwaka na kuzima kwa rangi nyekundu nguvu zinakwisha. Sasa fikiria: mwaka 1966 familia nyingi Japani zilikuwa bado na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe. Nyekundu na bluu hawaioni. Lakini kuwaka na kuzima wanakuona, na mlio wanausikia. Mhariri yeyote angeipigia makofi taa hiyo, Narita apende asipende, kwa sababu inakupa saa ndani ya pigano bila mtu kusema neno. Na jambo moja lililonishangaza: zile dakika tatu maarufu, ambazo kila mtu anazitaja kuwa ndizo Ultraman anazoweza kukaa duniani, hazimo katika maneno ya msimuliaji. Anasema tu kwamba nguvu ya jua hapa duniani inaisha kwa kasi, na taa ikizima kabisa Ultraman hatainuka tena. Dakika tatu zilikuja kushika baadaye.

Turudi kwenye kubania hela. Katika sehemu ya 10 anatokea dubwana anaitwa Jirass, mwenye ukosi mkubwa wa ngozi shingoni. Ukimtazama vizuri unajiambia, huyu namjua. Ni Godzilla! Waliazima vazi lake, wakalipaka rangi, wakalivisha ukosi. Na ndani yake yumo Haruo Nakajima, mtu aliyekuwa ndani ya Godzilla tangu 1954. Halafu katikati ya pigano Ultraman anaung'oa ule ukosi na kuuchezea kama mcheza ng'ombe, na kwa sekunde kadhaa unaona pigano ambalo hakuna kampuni ingekubali kulilipia: Ultraman dhidi ya Godzilla. Hata Baltan, adui maarufu kuliko wote, mwenye makoleo ya kaa, alitokana na vazi la kiumbe mfano wa nyenje lililotumika katika Ultra Q, mfululizo uliotangulia miezi michache tu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo nataka nilieleze kwa utaratibu, maana ndilo linalotenganisha wanaojua na wanaojaribu. Ni uzito. Mtu akiruka kutoka juu ya meza anatua papo hapo. Jitu la mita 40 likianguka linachukua muda, kwa sababu safari ya kufika chini ni ndefu. Sasa aliyekuwa ndani ya vazi, Bin Furuya, ni mtu mrefu lakini ni mtu tu. Tuseme ana mita 1.8. Ultraman ni mkubwa kwake mara 22 hivi. Muda wa kuanguka haukui mara 22. Unakua kwa kipeuo cha pili cha 22, yaani karibu mara 4.7. Kwa hiyo ili anguko la Furuya lionekane la jitu, kamera ambayo kwa kawaida hupiga fremu 24 kwa sekunde ingepaswa kupiga kama 113, kisha picha ionyeshwe kwa 24. Ndiyo maana vumbi linapanda taratibu, na nyumba inabomoka kama inafikiria kwanza.

Lakini kupiga hivyo kunakula filamu, na filamu ni hela. Tena kuna vitu viwili visivyokubali kudanganywa: moto na maji. Jengo unaweza kulipunguza, tone la maji huwezi. Tone likiwa na ukubwa wa kichwa cha dubwana, mtazamaji hata asiyejua kitu anahisi kwamba anaangalia karai. Kumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa hadithi. Mtaani kwetu tulikua tukijua sheria moja ya filamu: steringi hafi. Ultraman inaivunja sheria hiyo sehemu ya mwisho, ambapo dubwana Zetton anamwangusha kabisa, na anayemmaliza Zetton ni binadamu wa kawaida kwa risasi moja ya silaha mpya. Hiyo inasifiwa sana, na inastahili. Ila kuvunjwa kwa sheria hiyo kulianza mapema, kwa njia ya chinichini zaidi: steringi anashinda, na wewe uliyekaa unatazama hujisikii vizuri.

Angalia sehemu ya 2. Wale Baltan ni wakimbizi. Sayari yao imelipuka, nao bilioni 2 na milioni 30 wamejipunguza wakawa wadogo kama vijidudu, wamelala ndani ya chombo kimoja. Hayata anazungumza nao vizuri tu: mkifuata sheria za hapa mnaweza kuishi. Mazungumzo yanavunjika, wanapigana, Ultraman anakibeba chombo hadi angani na kukilipua. Wote. Sehemu yenyewe inapita juu ya jambo hilo kwa wepesi, hata kuna vichekesho vya Ide, fundi wa kikosi, mwenye jicho lililovimba. Niliusimamisha mkanda nikahesabu tena zile bilioni. Sidhani kama walikusudia kunistua. Lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa, na alikuja mtu aliyeiona.

Mtu huyo ni Akio Jissoji, muongozaji kijana wakati huo, akiwa na mwandishi Mamoru Sasaki. Walifanya pamoja sehemu sita. Utazijua bila kusoma majina: kamera iko mahali pa ajabu, nyuma ya kitu au karibu mno na uso, nusu ya picha iko gizani. Katika sehemu ya 15 watoto wanachora dubwana, linakuwa hai, na kazi yake ni kulala tu. Ultraman anapokuja kulipiga, watoto wanamzomea. Katika sehemu ya 34 Hayata anakurupuka mezani kujigeuza na kunyanyua kijiko cha wali wa mchuzi badala ya kijiti chake. Katika ya 35 dubwana halitaki vita, linataka kurudi makaburini kwake angani, na kikosi kizima kinahangaika kulisafirisha. Hizo ni nzuri. Ya 23 ni kitu kingine.

Ilirushwa tarehe 18 Desemba 1966. Chombo kisichoonekana kinashambulia wajumbe wanaokwenda kwenye mkutano wa kimataifa wa amani. Kikosi kinakifichua, kinakiangusha, na ndani yake anatoka dubwana lenye ngozi iliyopasuka kama udongo wa kiangazi, halina shingo. Mjumbe kutoka makao makuu ya kikosi huko Paris anapoliona anataja jina lake: Jamila.

Hapo ndipo nilipokaa wima. Nina shangazi anaitwa Jamila. Mwambao mzima una akina Jamila. Inaelezwa kwamba Sasaki alilichukua jina hilo kwa Djamila Boupacha, mwanamke wa Algeria aliyepigania uhuru na kuteswa na Wafaransa. Ndani ya hadithi, Jamila huyu ni mwanamume, mwanaanga wa nchi isiyotajwa. Alirushwa wakati mataifa yanashindana kufika angani, chombo kikapotea, kikaangukia sayari isiyo na tone la maji. Serikali yake ikaogopa lawama, ikanyamaza. Yeye akabaki huko, mwili ukajigeuza ili usife, hadi akakitengeneza chombo chake na kurudi. Na amri ya Paris ni fupi: auawe kama dubwana, na mtu yeyote asijue alikuwa nani.

Ide, yule wa vichekesho, anagoma. Anasema huyu ni mkubwa wetu wa kazi, na kesho inaweza kuwa zamu yetu. Hakuna ucheshi hapo. Lakini Jamila anachoma kijiji, na Ide huyohuyo anamfokea kwamba amepoteza moyo wa binadamu. Dubwana linasimama kidogo. Linatazama nyumba zinavyoungua. Jissoji anaiacha picha ikae, wala hakati haraka. Mimi ningekata, na ningekosea.

Moto haumdhuru. Kinachomuua ni maji. Kikosi kinarusha makombora ya kuleta mvua, kisha Ultraman anakuja, anaunganisha viganja, na maji yanamwagika juu ya Jamila. Anaanguka mbele ya bendera za mataifa, anagaagaa kwenye matope, anazikanyagakanyaga na kuzivuta, na sauti inayomtoka inakaribia sana kilio cha mtoto mchanga. Hii ndiyo sehemu ya matone niliyosema. Kwa hesabu zangu picha hii ilipaswa kuharibika: matone ni makubwa mno, matope ni matope ya kawaida, jitu la mita nyingi linapungua hadi kuwa mtu ndani ya vazi lililolowa. Na ndivyo inavyotokea, unamwona mtu. Sijui kama Jissoji alipanga, lakini kosa la kiufundi limefanya kazi ambayo ustadi usingeweza. Ultraman hasemi kitu. Hakuna shangwe.

Watoto wa Japani, kwa kuwa watoto ni watoto, wakaanza kuvuta fulana hadi juu ya kichwa na kusema wao ni Jamila. Wanafanya mpaka leo.

Mwisho wanamjengea kaburi lenye maandishi ya Kifaransa yanayomsifu kuwa alijitoa kwa ajili ya binadamu na maendeleo ya sayansi. Ide anayasoma kwa uchungu. Maneno yamepangwa vizuri, mtu mwenyewe ameuawa kwa siri. Wenzake wanaondoka na kumwita. Yeye bado amesimama pale.

Mara ya tatu niliyoitazama, shangazi alikuwa amekuja kutembea. Alisikia jina lake likiitwa sebuleni na watu wa Japani, akaitika "Abee!" kutoka jikoni. Akaja na sahani mkononi, akaketi, nikawa namtafsiria maandishi ya chini. Hakucheka vazi wala zipu. Maji yalipomwagika akaniuliza:

"Baba, huyu si mlisema alipotea kwa kukosa maji?"

Nikamwambia ndiyo, shangazi.

"Na sasa ndiyo wanampa?"

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikajifanya natafuta rimoti.