Kinga haijashuka

Mwezi uliopita jirani mmoja alikuja kumjulia hali mama mdogo, mkononi ana kopo la unga wa mlonge. "Pole dada, kinga imeshuka. Koroga hii kwenye uji, itapanda." Ana nia njema, na mlonge ni mboga nzuri. Lakini mama mdogo ana lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wake yenyewe. Kinga yake haijashuka hata kidogo, ndiyo inayomuumiza. Kila asubuhi anameza prednisoloni ili kuituliza. Mwaka juzi aliziacha dawa hizo kwa sababu mtu alimwambia "zinashusha kinga", na haikuchukua muda tukampeleka hospitali miguu imejaa maji, mkojo una povu, figo zimeshaguswa.

Maana yenyewe ni fupi. Kinga ya mwili ni mpangilio wa seli, protini na viungo kama uboho, wengu na tezi za limfu, unaotambua kilicho cha mwili na kisicho chake, kisha ukakishughulikia kile kigeni.

Neno kuu hapo ni "kutambua". Sisi tumelibadilisha likawa "kiasi", kana kwamba kinga ni maji ya mtungini. Najua tulikolitoa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na jina tulilolipa gonjwa lile, Upungufu wa Kinga Mwilini, likafundisha kizazi kizima neno kinga. Na pale kushuka ni kweli: VVU huziua seli za kinga ziitwazo CD4, zikahesabika kutoka 500 na zaidi hadi chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu. Tatizo ni kwamba hesabu ya ugonjwa mmoja tumeigeuza kipimo cha kila ugonjwa.

Kiswahili chenyewe hakikutuelekeza huko. Sikiliza kitenzi. Unakinga jua kwa mwavuli, yaani unalizuia. Mvua ikinyesha unakinga maji kwa ndoo chini ya mchirizi wa bati, yaani unayapokea. Kitenzi ni kilekile, na katika yote mawili unaweka kitu mahali panapostahili, mbele ya kitu unachokijua. (Ile kinga ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, na methali hiyo inahusu ushirikiano, tusiibandike kwenye mabango ya chanjo.) Mwili nao hufanya yote mawili. Huzuia vimelea, na wakati huohuo hupokea chakula, bakteria wa utumbo, hata mtoto tumboni ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba. Aliyekosea kukinga si lazima awe na ndoo ndogo. Huenda ameiweka pasipostahili.

Halafu kuna "kingamwili", linaloandikwa kila mahali kana kwamba ni kinga ya mwili kwa mkato. Madaktari hulitumia kwa kitu kimoja mahususi: protini zinazotengenezwa na seli za kinga ziitwazo seli B ili kunasa kitu fulani. Kipimo cha haraka cha VVU, kile cha tone la damu ya kidole, hutafuta hizo. Kwa hiyo mtu mwenye VVU anazo kingamwili dhidi ya kirusi, na bado anaumwa asipopata dawa. Mama mdogo naye anazo, ila zake zinanasa viini vya seli zake mwenyewe. Wote wawili wanazo. Swali ni zinanasa nini.

Hata katika maambukizi sugu kinga haiko upande mmoja tu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chenyewe hakiliharibu sana ini. Madhara mengi hutokana na seli za kinga zinazoua seli za ini zilizoambukizwa. Mtoto mchanga anapoambukizwa, kinga yake changa hukivumilia, na takriban watoto 9 kati ya 10 hubaki nacho. Watu wazima wengi sana hukiondoa. Katika kifua kikuu, kinga huwazungushia bakteria ukuta, na wengi walioambukizwa hawaugui maisha yao yote. Lakini mashimo ya mapafuni kwa aliyeugua huchimbwa kwa sehemu kubwa na pambano la kinga hiyohiyo. Wauguzi wa kliniki za ARV wameyaona haya kwa karibu: mgonjwa wa VVU mwenye kifua kikuu anaanza ARV, CD4 zinapanda, na wiki chache baadaye homa inarudi na tezi za shingo zinavimba, kwa kuwa kinga iliyoamka sasa inawaona bakteria. Huyo asiache dawa, arudi kliniki. Na tumwambie nini, kwamba kinga imeshuka?

Kwa hiyo naomba, kabla ya kusema "imeshuka", tuulize kinga ya huyu mtu inafanya nini. Mwenye UKIMWI, imepungua. Mwenye lupasi, au mtoto mwenye kisukari aina ya 1, imemgeukia. Mama mdogo aliupokea mlonge kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamweleza jirani yake polepole: "Haijashuka, dada. Hainitambui." Na vidonge vyake vikabaki palepale, juu ya friji.