Mkuyu wa kanisani na neno "kuitiisha"

Wiki iliyopita usharika mmoja ulinialika kufundisha semina ya wazee wa kanisa. Nje ya dirisha kulikuwa na mkuyu ambao watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi, na shinani umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Wanataka maegesho. Nilipouliza, mzee mmoja akanijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kujiandaa: "Mwalimu, si imeandikwa tuitiishe nchi?"

Imeandikwa, ndiyo, Mwanzo 1:28. Nami ninayefundisha Agano la Kale sitasema neno lile ni laini. Kiebrania chake ni *kabash*, neno la mabavu, linalotumika hata kwa watu wanaotiwa utumwani. Shida ni kwamba tukifika hapo tunafunga kitabu, ilhali sura inayofuata, 2:15, Mungu anamweka mtu bustanini "ailime na kuitunza".

"Kulima" ni tafsiri sahihi, ila haionyeshi yote. Kitenzi *abad* ndicho hichohicho cha kutumikia. "Kutunza" nako ni *shamar*. Vitenzi hivi viwili vinakutana tena Hesabu 3:7-8, vikieleza kazi ya Walawi hemani. Na *shamar* hiyo unaisikia kila ibada inapoisha, mchungaji anapoinua mikono: "Bwana akubariki, na kukulinda." Kulinda kule ni *shamar*. Tunachomwomba Mungu atutendee ndicho alichomwagiza Adamu aitendee bustani. Nilipoliandika hilo ubaoni, mama mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Kumbe tunaomba tusichotoa."

Walawi 25:23 haikunichukua muda. Mungu anasema nchi ni yake, sisi ni wageni tu. Mtanzania mwenye hati ya kiwanja ya miaka 99 hahitaji kufafanuliwa: kwa sheria ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, wewe una haki ya kuitumia, tena kwa masharti.

Mzee wangu hakuachia. "Hayo sawa, Mwalimu, lakini sisi tuna shida ya nafasi." Nikamfungulia Kumbukumbu la Torati 20:19. Jeshi limeuzingira mji, shida kubwa kuliko ya kuegesha Noah, na bado linakatazwa kutia shoka kwenye miti ya matunda. Akatabasamu: "Mkuyu si mwembe." Hapo alinibana kidogo, maana aya ya 20 inaruhusu kukata mti usiozaa chakula.

Lakini mkuyu unazaa chakula, na Biblia inaujua vizuri. Ndio aliopanda Zakayo, na ni aina ileile inayoota kwenye mito yetu. Amosi alijitambulisha kuwa mtunza mikuyu (7:14), na wafafanuzi wengi wanaona kazi yake ilikuwa kuyachanja matunda. Kule hakukuwa na kinyigu kidogo kinachoingia ndani ya kuyu na kulichavusha, kwa hiyo wakulima walilichanja kwa kisu lipate kuiva. Huku kwetu kinyigu hicho kipo. Nilichuma kuyu moja lililoiva, nikalipasua mezani. Wadudu wakatoka, wazee wawili wakasogeza viti nyuma, na yule mzee akainama kuangalia kwa karibu. Akasema utotoni walikuwa wakiyala makuyu wakichunga mbuzi, wakipuliza wadudu kwanza.

Sikuwaambia wasijenge maegesho. Watu wana magari, na barabarani si salama kuyaacha. Kamati ya ujenzi inakutana Jumamosi, nami nimewaomba jambo moja: waje na futi kamba, wapime upande wa mashariki palipo na lile banda bovu la kuku. Kwa macho yangu magari manane yanaenea pale, na mzizi hauguswi hata mmoja.